Bango lililoua wadudu wetu wa magugu maji

Wakuu, habari za jioni.

Leo nimekereka, mtanivumilia. Kuna jamaa kwenye uzi wa jirani kaandika kwamba wakulima wetu ni wagumu, hata uwaelimishe vipi hawasikii. Watu wamemgongea like mpaka basi. Nilikuwa nachambua mchele wakati nasoma, nikauacha mchele hapo hapo.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu, maana wengine bado wapo na wajukuu zao mko nao humu humu.

Miaka ya tisini nilikuwa bibi shamba kwenye kijiji kimoja cha ufukweni mwa ziwa, wilaya ya Misungwi. Ukiiacha lami pale Usagara unakanyaga baiskeli mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Kwa waliozaliwa na simu mkononi: bibi shamba ni afisa kilimo mwanamke anayekaa kijijini na wakulima.

Kazi yangu kubwa ilikuwa pamba. Pamba ina wadudu wengi, na kila msimu ofisi yetu ya mjini ilituletea mabango. Katikati mdudu amechorwa mkubwa, juu maandishi mekundu: MJUE MDUDU HUYU. Chini kuna maelezo ya herufi ndogo ambayo hata mimi nilikuwa siyamalizi.

Mimi nabandika, naitisha mkutano, nawaambia: mkimwona huyu, pulizeni dawa mapema. Wanapuliza. Msukuma kwenye pamba hana mchezo.

Aliyeongoza kwa kusikia alikuwa Mzee Maduhu, mwenyekiti wa kijiji. Huyu bango lilikuwa halimtoshi kwa macho. Analibandua, analibeba mpaka shambani, anamshika mdudu, anamweka juu ya picha analinganisha miguu. Mwaka mmoja ofisi ilimpa jembe jipya kwa kuwa mkulima bora, na alistahili.

Basi likaja soko huria. Ushirika uliokuwa unatuletea mbegu na dawa ukaanza kuchechemea, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, na dawa ya pamba ikawa inauzwa gulioni kwenye chupa za soda. Magari ya barafu nayo yakawa yanashuka mpaka mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapopakulia samaki, kununua sangara. Kila kitu kikawa huru. Na sisi maafisa tukawa huru kukaa bila mafuta, pikipiki ya ofisi ikawa ya kulalia kuku.

Sitaki kuponda kila kitu, hela ya samaki tuliiona. Ila haikudumu, maana ndipo yalipokuja magugu maji.

Mnaoyaona leo kwa mbali mkipita na kivuko hamuwezi kuelewa. Ule mwalo wetu uliota zulia la kijani kutoka jiwe hadi jiwe. Mtumbwi hautoki. Ng'ombe akiingia kunywa anazama kifuani na kubaki analia. Mkiyang'oa kwa mikono leo, mkigeuka yamerudi na ndugu zake.

Magari ya barafu yakahamia mwalo mwingine, hayakuaga mtu.

Aliyeumia kuliko wote ni Mama Kulwa. Alikuwa mjane, anakausha samaki kwenye chanja zake pale pale mwaloni, na kwa samaki hao ndio anasomesha mapacha wake wawili. Sasa akawa anaamka kwenda kununua mwalo wa mbali, anarudi na ndoo nusu. Alinieleza waziwazi: mwalo huu usipofunguka, nahama. Na Mama Kulwa hakuwa mtu wa kutishia.

Ndipo wataalamu wakaleta wadudu wa kula magugu. Ni kitu kidogo cha rangi ya kahawia, kina mdomo mrefu, ukikitazama haraka utasema ni yule anayetoboa mahindi ghalani. Yeye hali mahindi wala pamba, anakula magugu maji tu. Nikapewa kazi ya kuwazalisha kwenye mapipa yaliyokatwa katikati, halafu kidogo kidogo tunawaachia ziwani.

Mama Kulwa akanipa uwanja wake. Yeye na wanawake wenzake wachache wa pale ufukweni ndio waliokuwa wakinisaidia kubadilisha majani.

"Bibi shamba," ananiambia, "hawa wako mbona wanakula kwa aibu kama wapo ukweni?"

Ni kweli walikuwa polepole. Lakini baada ya miezi kadhaa majani ya ziwani yakaanza kuwa na makovu, mengine yanageuka kahawia. Siku moja Mama Kulwa aling'oa jani bovu akaenda nalo nyumbani, akalichomeka juu ya mlango. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Sasa mtaniuliza, kwa nini sikuwatangazia kijiji kizima?

Hapo ndipo presha yangu ilipoanzia, wakuu. Niliomba. Nilipanda gari mpaka ofisini mjini, Nyamagana, nikamwambia bosi wetu wa kitengo cha habari, wale wa mabango: naomba niitishe mkutano, niwashikishe watu hawa wadudu mkononi, hasa mwenyekiti.

Bosi akakataa. Akasema ujumbe lazima uwe mmoja kwa vijiji vyote, bango linachapishwa, nikisema mapema nitachanganya wananchi. "Wewe waambie ni utafiti. Awareness tutafanya sisi."

Nikamwomba basi aje field mwenyewe. Hakuna mafuta.

Nikarudi nikamwambia Mzee Maduhu kwamba yale mapipa ni utafiti wa serikali. Akaitikia kwa heshima, akapiga marufuku mifugo kusogea pale.

Baadaye nikaitwa semina Butimba. Mnajua mada ilikuwa nini? Mawasiliano na mkulima! Wiki nzima tunakunywa chai na maandazi, tunachora mishale ubaoni kutoka kwa mtaalamu kwenda kwa mkulima. Wakati mimi nachora mishale, mabango yakapakiwa kwenye basi yakaenda kijijini bila mtu.

(Subirini, ule mchele nilishaubandika, naona wali unaungua.)

Nimerudi. Basi, siku natoka semina namkuta Mzee Maduhu ananisubiri njiani, amevaa koti lake la mikutano.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari. Kazi tumeimaliza."

"Kazi gani, baba?"

"Ile ya bango. Limekuja juzi, wewe haupo, nikasema tusikusubiri, huyu mdudu atatuzidi."

Akalitoa kwenye koti. Lilikuwa limekunjwa vizuri. Katikati mdudu wetu, amechorwa mkubwa, miguu yote ipo. Juu, maandishi mekundu: MJUE MDUDU HUYU. Mchoraji yule yule, wino ule ule. Huko chini, kwenye zile herufi ndogo, ndiko walikoeleza kwamba mdudu huyu ana manufaa katika udhibiti wa kibaiolojia.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, mmefanya nini?

Akanieleza kwa furaha. Asubuhi ile alilichukua bango akashuka nalo ziwani, akashika mdudu, akalinganisha miguu, akakuta ndiye. Akaita wanaume wote wenye mabomba ya kupulizia pamba. Wakapanga mstari ufukweni, wengine wakaingia na maji mpaka kiunoni, wakapuliza magugu yote kwa dawa iliyobaki msimu uliopita. Mama Kulwa hakuwepo, yeye na wale wenzake wa mapipa walikuwa mwalo wa mbali kutafuta samaki.

"Na yale mapipa yako ya utafiti," akasema, "walikuwa wameyavamia, mwanangu, wamejaa humo! Tumerudia kupuliza mara mbili. Tumekuokolea."

Wakuu, ningelia au ningecheka?

Halafu nikawaza maji. Nikatupa baiskeli nikakimbia.

Ufukweni furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wanaelea matumbo juu, na watu wanawaokota kwenye mabeseni, wanafurahi, samaki wa bure! Bata wa Mama Kulwa wamelala kwenye matope. Wanawake wengine wameshajaza ndoo za kupikia.

Nilipiga kelele kama kichaa. Mwageni! Msile! Mmoja akaniuliza dawa hii si ndiyo wewe unatuambia tupulizie pamba, mbona tunapuliza na tunaishi? Nikamwaga beseni lake kwa nguvu. Alinitukana, na sikumlaumu.

Aliyeniokoa ni Mzee Maduhu. Alifika anahema, akanisikiliza. Akaenda kugonga kengele ya shule mwenyewe. Akasimama mbele ya watu akasema tumekosea, samaki wazikwe, maji yachotwe kisimani mpaka bibi shamba aseme. Kwa rehema za Mungu hakuna mtu aliyekufa. Kuna waliotapika usiku kucha.

Mama Kulwa alirudi jioni. Akayatazama mapipa. Wadudu wote walikuwa wanaelea juu. Aliingia ndani, na nilipopita kesho yake lile jani halikuwepo mlangoni. Mwezi ule ule akang'oa chanja zake, akachukua mapacha wake, akahama.

Sikilizeni na hii. Bosi akaja. Safari hii mafuta yalipatikana! Akapiga picha bango la pili lililokuwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, kwa ajili ya ripoti, kuonyesha kwamba ujumbe umefika. Halafu akageuka kwangu, mbele ya wazee, akasema, "Unaona tatizo letu? Wakulima hawa hawasikii."

Mzee Maduhu alikuwa amekaa kwenye benchi. Akasimama taratibu.

"Mkubwa," akasema, "mdudu wa pamba ulimchora hivi hivi, na maandishi mekundu hivi hivi. Nikapuliza, ukanipa jembe. Huyu nimemfanyia vile vile. Naomba uniambie ni wapi sikusikia."

Bosi akatazama saa yake, akasema ana kikao mjini.

Hapo ndipo hasira zangu zilipo hadi leo. Yule mzee alikuwa amesikia kila neno tulilowahi kumwambia. Hakuna mtu aliyetusikia kuliko yeye.

Tulianza upya. Niliomba wadudu wengine, na sikusubiri bango la mtu. Mzee Maduhu ndiye aliyezunguka nao, kwenye kichupa mfukoni mwa shati. Nyumba kwa nyumba, kilabuni, kanisani baada ya ibada. Anamwaga wadudu kwenye kiganja chako, anakupa na jani la pamba, anakwambia kaa tuone kama atalila. Watu wanakaa. Mdudu anaganda tu. Anampa la magugu, anaanza kula. Hapo hakuna tena haja ya hotuba.

Ilichukua muda mrefu, lakini mwalo ukafunguka. Mitumbwi ikatoka tena.

Miaka imepita kidogo, nikakutana na Mama Kulwa soko kuu mjini. Alikuwa amekaa pembeni na fungu la dagaa, amekonda. Nikamsalimia, nikamwambia rudi nyumbani, mwalo umefunguka, magugu yamekwisha.

Akafukuza inzi kwenye dagaa.

"Imeandikwa kwenye bango?"

"Hapana."

"Umeuona mwalo kwa macho yako?"

"Nimetoka huko leo asubuhi."

Akaanza kukunja turubai lake.

Ndiyo hivyo wakuu. Somo nililotoka nalo: kabla hujasema mkulima hasikii, kakumbuke kwanza uliwahi kumwambia nini. Na ujumbe ukiutuma kwa basi, basi ndilo litakalojibu maswali.

Mliowahi kufanya kazi vijijini, au mliokulia kando ya ziwa kipindi cha magugu, leteni yenu, najua siko peke yangu. Na wewe jamaa wa uzi wa jirani, karibu sana, kuna nafasi ya kukaa. Njoo unionyeshe ni wapi Mzee Maduhu hakusikia.