Ngazi ya Nyuma

Sakafu ya mawe ikipigwa deki kwa maji ya moto na magadi hutoa harufu yake, ya baridi kidogo, kama ya mdomo wa kisima. Kila nikiisikia, hata ikiwa ni kwenye korido ya chini ya hospitali hapa Lewisham, narudi utotoni, kwenye ile nyumba kongwe ambayo mama yangu alikuwa akiisafisha. Mimi sikusoma sana, na mambo ya ujenzi siyajui, kwa hiyo nitaieleza nilivyoiona, na pengine kwa macho ya mtoto niliikuza.

Ilikuwa nyumba ya matajiri wa zamani, waliyoijenga shamba wakati London bado iko mbali. Mji ukaja ukaizunguka. Zama zetu, miaka michache baada ya sisi kuondoka Unguja kwa sababu ya mapinduzi, ilikuwa ya kaunsili, yaani halmashauri ya mji, na Jumapili watu walikuja kuiangalia. Mama alipata kazi ya usafi pamoja na vyumba viwili vya kukaa upande wa nyuma. Kwetu ilikuwa neema, maana tulikuwa tumechoka na vyumba vya kupanga vya kunyimwa ruhusa ya kupika.

Kasoro ilikuwa moja. Mama alikuwa akianza kazi alfajiri, na mimi nilikuwa mdogo. Bibi, mama yake Mama, alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Unguja, amefikia kwa Mjomba Seif huko Croydon. Tulitaka aje akae na sisi. Yeye akasema atakuja kuangalia kwanza: pakiwa na stara atakaa, pasipokuwa na stara atarudi Croydon. Na akirudi Croydon, mimi ningekwenda naye, kwa sababu Mama asingekuwa na wa kumwachia. Hayo niliyasikia wakiyazungumza wakidhani nimelala, na siku ile ya kuja Bibi sikuweza kula kitu.

Alikuja na buibui lake, kofia ya sufi ndani ya ushungi kwa ajili ya baridi, na Mjomba nyuma yake. Mama aliwapitisha uani.

"Nyumba ya kifalme, mlango wa paka!" Mjomba akasema.

"Seif, wewe nyamaza," Bibi akamwambia. "Nimekuja kuangalia, sikuja kusikiliza."

Basi akaangalia. Ua ulikuwa na ukuta mrefu, mtu wa bustanini hakuoni wala humwoni. Jiko lilikuwa mbali kabisa na chumba cha kulia cha wenyewe, kukiwa na korido ndefu katikati, tena yenye kona, ili harufu ya vitunguu ipotelee njiani. Stoo ya nyama na maziwa iligeuzwa upande jua lisikofika. Madirisha ya korido yalikaa juu sana, yanaingiza mwanga tu. Ukitaka kuona nje lazima upande juu ya kiti. Halafu kulikuwa na ngazi nyembamba ya kuzunguka, imefichwa ndani ya ukuta, inapanda mpaka juu darini, na kila ghorofa ina mlango uliogongomewa kitambaa kizito cha kijani, usiotoa sauti hata ukiubamiza. Nilijua hausikiki kwa sababu nilishaubamiza.

Bibi aliyashika mawe ya ile ngazi, akachungulia juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Waliojenga hapa walikuwa watu wa haya zao," alisema. "Wageni wanaume wanaingia mbele. Mwanamke anatoka chumbani, anashuka, anakwenda jikoni, anarudi, na hakuna jicho lililomwona. Tazama na madirisha! Kumbe na Wazungu walikuwa na stara, wameiacha juzi juzi."

Mama alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya aproni.

Hapo akatokea Mista Kolin, mzee aliyekuwa akitunza nyumba. Lazima nimtendee haki: alikuwa muungwana, na aliipenda ile nyumba kama mtu anavyompenda mnyama aliyezeeka. Kuona mgeni anazishangaa ngazi, akafurahi, akaanza kueleza kwa Kiingereza. Mjomba akawa mkalimani. Mjomba naye hakuwa mtu mbaya, alimtaka mama yake kwake, basi. Lakini alitafsiri kwa raha ambayo haikujificha.

"Mama, anasema hii ilikuwa njia ya watumishi. Wenyewe walikuwa hawataki kuwaona. Makaa yapande, maji ya kuoga yapande, ndoo za uchafu zishuke, na bwana asikutane na mtu ngazini. Ndiyo maana ya ukuta, ndiyo maana ya madirisha. Si stara hiyo, ni kufichwa."

Nilimtazama Bibi nikaona safari ya Croydon usoni mwake. Mista Kolin, asiyejua kilichosemwa, alikuwa akitabasamu.

"Walikuwa hawataki kuwaona," Bibi akarudia.

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi sitaki kuonwa. Basi tumeelewana. Kanletee begi langu garini."

Mama alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye kidato cha ngazi. Mimi nikakimbia na Mjomba kulifuata begi, nisije nikampa Bibi nafasi ya kubadilisha mawazo yake. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama cha Bibi aliyemshinda mtu kwa ulimi.

Ila kuna jambo ambalo sikulitia maanani. Kila Alhamisi jioni Bibi alikuwa akifagia ile ngazi mwenyewe, ingawa kazi ilikuwa ya Mama, halafu anaweka chetezo kidato cha chini, ubani unapanda na mzunguko mpaka darini. Mista Kolin alikuwa akija na ndoo ya maji, kwa hofu ya moto, anasimama kando kwa adabu. Huku Bibi anasoma dua, na mwisho anataja jina: Tausi. Nilidhani ni shangazi yetu wa zamani.

Bibi alipokwisha kufariki, na mimi nina watoto wangu wanaonijibu kwa Kiingereza, nilimuuliza Mama huyo Tausi ni nani. Akaniambia nyumba yao ya Unguja ilikuwa na mlango wa kichochoroni na ngazi nyembamba ya nyuma. Tausi ndiye aliyepandisha maji kwa ngazi hiyo tangu Bibi ni mtoto. Bibi mwenyewe hakuwahi kuikanyaga, mpaka siku waliyoihama nyumba wakati wa mapinduzi, aliposhuka kwayo, na Tausi ametangulia kumwonyesha vidato vilivyovunjika.

"Kwa hiyo Kolin hakumwambia jipya?" nikauliza.

"Bibi yako alijua alipoiona ngazi tu," Mama alisema. "Nami nilijua kwamba anajua. Ungetaka aseme nini, na wewe umesimama pale na macho yale ya kumwomba abaki?"

Nikamuuliza Tausi alikwenda wapi baada ya siku ile. Mama alisema hajui. Bibi aliuliza kila aliyetoka Unguja, na hakuna aliyekuwa anamjua hata kwa sura.