Maji Meupe ya Nyuma ya Kiwanda

Mtia rangi hahitaji kitambulisho. Nimepita viwanda vya vitambaa katika nchi kadhaa, na kila mahali watu hawa hujulikana kwa kucha zao: buluu pembezoni, nyeusi kwa ndani, na hakuna sabuni inayozitoa. Huyu ninayemsimulia wenzake walimwita Kucha, na jina likamfuata hadi nyumbani.

Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, na sifa yake ilikuwa jicho. Ukimletea kitambaa kilichopauka, alikitazama mlangoni penye mwanga, akarudi kwenye pipa na kuchanganya bila mizani. Rangi ilitoka ile ile. Wenzake waliacha kubishana naye zamani.

Mwingine aliyemwamini hivyo alikuwa dada yake. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akachelewa kuolewa kwa ajili yake. Alipofiwa na mumewe, Kucha alimtafutia kipande cha ardhi nyuma ya kiwanda, kando ya mfereji. Dada akalima mchicha, nyanya na vitunguu, akaishi kwa jasho lake bila kumgongea mtu mlango.

Asubuhi moja alikuja getini na ndoo ya maji ya zambarau.

"Mdogo wangu, hebu tazama. Leo nimemwagilia nyanya wino."

Kucha aliona haya. Miaka yote hiyo walizibua mapipa, maji yakaingia mferejini, na hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi. Wakati wa chai alisimama mbele ya wenzake.

"Jamani, haya maji tuyachuje kabla hayajatoka."

"Tangu lini umekuwa bwana afya?" akauliza fundi wa mashine ya kukamua, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki.

"Tangu dada yangu aniletee ndoo."

"Kumbe ni mambo ya mchumba wangu! Ungesema mapema, shemeji."

"Nani kakuoza, wewe? Hata nguo zako hujui kufua."

Walicheka, lakini siku ya mapumziko walikuja wote. Msimamizi, mama mmoja mkavu wa maneno, alitoa mapipa matatu yaliyotoboka na kuwaacha wafanye watakavyo. La kwanza walijaza kokoto, la pili mchanga, la tatu mkaa uliopondwa. Maji yaliingia meusi kama lami, yakatoka meupe. Kucha aliyakinga kwa glasi, akayainua juani, akayazungusha.

"Yangekuwa na barafu ningekunywa," akasema Redio.

Jioni ile ile Kucha alimwambia dada yake, "Mwagilia kwa raha zako. Nimeyatazama mwenyewe."

Dada hakuuliza mara mbili.

Kiangazi kilipoingia, cha kwanza tangu apate shamba, mfereji ulibaki na maji ya kiwanda karibu peke yake, na majani ya nyanya yakaanza kukauka pembeni, kahawia, kama yaliyobabuliwa na moto. Dada akamwita.

"Jua hilo," Kucha akasema. "Ongeza maji."

Akaongeza. Alichota asubuhi, akachota na jioni, mgongo ukimuuma. Mchicha ukanyauka, vitunguu vikadumaa. Kucha alipokuja tena, aliona ardhi imefanya ukoko mweupe, kama iliyonyunyiziwa unga. Alipiga magoti, akabana kidogo kwa vidole, akatia mdomoni.

Chumvi.

Alibaki amepiga magoti pale pale. Kila asubuhi yeye mwenyewe alimimina chumvi kwenye mapipa, magunia kwa magunia, ili rangi ishike kitambaa. Mchanga na mkaa vilizuia rangi tu. Chumvi ilipita, kwa kuwa imeyeyuka, na jicho lake halikuwa na cha kuona.

"Ni nini?" dada akauliza.

"Ni mimi," akajibu.

Kesho yake aliwaeleza wenzake. Msimamizi ndiye aliyetoa wazo. Maji yaliyokwisha kutia rangi bado yana chumvi, alisema, kwa nini wayamwage? Tangu siku hiyo walianza na rangi nyepesi, wakaongeza nzito juu ya maji yale yale, wakamaliza na nyeusi, wakipunguza chumvi mpya kila hatua. Yaliyobaki waliyachuja kwa mapipa yale matatu, wakayaanika kwenye sakafu pana ya saruji waliyoijenga kwa mikono yao, yakakauka, wakakwangua chumvi na kuirudisha kazini. Mferejini halikwenda hata tone. Magunia waliyokuwa wakimaliza kwa wiki sasa yalikaa mwezi.

Lakini ardhi haikujua habari hizo. Dada alipanda tena mara mbili, na mara mbili miche ikafa ikiwa na urefu wa kidole. Binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, akamwita akae naye.

Kucha alimbebea mzigo hadi kituoni.

"Nilaumu basi, dada."

"Nikulaumu nini? Ulinitafutia ardhi." Alitazama pembeni. "Ila ungeonja mapema, mdogo wangu. Ulipokuwa mtoto kila kitu ulitia mdomoni, nikawa nakuchapa."

Alijaribu kucheka. Jembe alimwachia.

Siku hizi, kabla ya zamu, Kucha hupita nyuma ya kiwanda. Huchota maji ya mfereji kwa kiganja, akaonja, akatema. Kisha huingia shambani, akabana udongo, akaonja huo pia. Redio akipita humsalimu kwa heshima na kuendelea. Mvua mbili kubwa zimeshanyesha, na amepanda tuta moja tu la vitunguu.

Jumapili humpigia dada simu.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Bado?"

Kucha huzitazama kucha zake.

"Bado, dada."

"Haya. Wasalimie kazini."