Shikamoo Haipozi Beringi

Bado nazikumbuka asubuhi zile, mwanangu, kama vile sijastaafu. Msimu wa pamba ulikuwa unakaribia, upepo unatoka ziwani, mota zote za kiwanda zinanguruma, na Mzee Masalu anapita katikati yake na bomba lake la grisi begani, anazisalimia mashine kwa majina. Majina alizipa mwenyewe. Moja aliiita Shangazi kwa sababu ya kelele zake, nyingine Mchumba, na ile mota kubwa ya mwisho, iliyoendesha mashine ya kutenganisha pamba na mbegu, aliiita Mtemi. Ikiharibika Mtemi, kiwanda kizima kinasimama na malori ya wakulima yanapanga foleni mpaka barabarani.

Nakuandikia haya kwa sababu nimesikia umepata kazi ya kukagua ulainishaji wa mitambo viwandani, na kwamba wiki ijayo unavuka Busisi kwenda kwenye kiwanda chako cha kwanza. Sisi tulishinda kwenye foleni ya kivuko tukila mahindi ya kuchoma. Ninyi mnapita darajani hata chai haijapoa. Nafurahi kwa ajili yenu, na kidogo nawahurumia, maana yale mahindi yalikuwa matamu jamani. Nasikia pia una kifaa cha kupima joto, unakielekeza tu kwenye mota kinasoma. Vizuri sana. Lakini lipo jambo ambalo hicho kifaa chako hakitalisoma, na ndilo ninalotaka kukueleza.

Mzee Masalu ndiye aliyepaka grisi mitambo yote ya kiwanda kile, na ndiye aliyeniombea kazi. Nilikuwa binti wa Misungwi, sina ndugu mjini, na mafundi walicheka kuona msichana anaomba spana. Mzee akawaambia, "Mwacheni. Mkimkataa ninyi, mimi namchukua." Nilimpenda mtu yule kama baba yangu. Nyumbani kwake Mkolani hukuruhusiwa kuondoka hujashiba. Mkewe akikuwekea ugali na samaki sato, ukisema umetosheka, wanasema una aibu, wanakuongezea.

Na mashine alizilisha vivyo hivyo. Alibonyeza bomba mpaka grisi inachungulia pembeni, akaifuta kwa kidole, akasema, "Sasa umeshiba, Mtemi."

Tatizo ni kwamba beringi, ile pete ya vigololi inayobeba mhimili wa mota, haitakiwi kushiba. Ukiijaza, vile vigololi vya ndani vinahangaika kukoroga grisi badala ya kuzunguka, joto linapanda, mpira wa kuzuia uchafu unapasuka, vumbi la pamba linaingia. Mzee akigusa anakuta moto, anasema ina njaa, anaongeza. Inazidi kuchemka, anaongeza tena. Ikifa, sisi tunafunga mpya, naye anaikaribisha kwa karamu ileile.

Na sisi tulijua! Hapo ndipo ninapochukia mpaka leo. Mafundi wote tulijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Nani amwambie? Alikuwa hapo kabla yetu sote, wengine walishikishwa spana na yeye. Kila asubuhi shikamoo, kila asubuhi marahaba, halafu tunapita. Meneja akiuliza kwa nini beringi inakufa, tunasema imechakaa. Hiyo tuliita heshima.

Ndipo kiwanda kikamwita mkaguzi, Mjita mmoja wa Mara aliyeitwa Bwana Magesa, mtu mpole asiyependa kukaa ofisini. Alianzia stoo. Akakuta mapipa hayana vifuniko, vumbi la pamba limetanda juu ya grisi kama unga juu ya sinia, na aina mbili za grisi zimechanganywa kwenye ndoo moja. Akaomba mizani, akabonyeza bomba la Mzee juu yake, akatuuliza kama kuna anayejua bomba lile linatoa kiasi gani kwa kila mbonyezo. Hakuna aliyejua. Kisha akapasua beringi iliyokufa, akatuonyesha grisi iliyoshindiliwa na kuungua mpaka imekuwa nyeusi.

"Nani anaijaza hivi?" akauliza.

Tukaangalia viatu vyetu. Mwishowe fundi mkuu akasema kwa sauti ndogo, "Yule ni mzee wetu."

"Kwa hiyo mnaona heri beringi ife kuliko mzee achukie."

Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na dawa yake tayari: Mzee Masalu ahamishiwe getini, aambiwe anapumzishwa kwa sababu ya umri, yaishe. Sote tukaona ni jambo la huruma. Nami nakiri niliona hivyo.

Bwana Magesa akatikisa kichwa. "Mtamwondoa kwenye kazi anayoipenda kuliko zote, na atakufa hajui kwa nini. Mwambieni kwanza. Akishindwa kubadilika ndipo mmpeleke getini."

Basi, ungewaona wale wanaume na masharubu yao! Wote wakanigeukia mimi, binti mdogo kuliko wote, eti kwa sababu Mzee ananipenda.

Nilimkuta nyuma ya stoo anafuta bomba lake. Nikapiga goti kama tulivyolelewa, nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba, mayu," yaani mama, ndivyo tunavyowaita mabinti zetu Usukumani. Nikamwuliza habari za ng'ombe, nikamwuliza habari za mvua, nikarudi tena kwa ng'ombe. Akacheka.

"Mayu, ng'ombe wangu umeshawamaliza wote. Unataka nini? Ruhusa ya kwenda kuolewa?"

Nikasema bila kupumua, "Baba, grisi unayoweka inazidi. Beringi hazifi kwa njaa. Zinakufa kwa kujazwa."

Nilijikaza kusubiri hasira. Haikuja. Alilitazama bomba lake, akaliweka chini polepole.

"Nani mwingine anajua?"

"Wote, baba."

"Tangu lini?"

"Mimi niliwakuta wanajua."

Akakaa juu ya ndoo iliyokuwa pale. "Kwa hiyo kila asubuhi mnaniamkia, mnapita, mnakwenda kunicheka."

"Hatucheki, baba. Tunaogopa."

"Mnaogopa nini? Nimewahi kumpiga nani hapa?" Kisha akasema neno ambalo lilinitoa machozi siku ile na bado linaniumiza. "Mimi nilidhani mnaniheshimu. Kumbe mmeniacha peke yangu."

Nikalia palepale mbele yake. Hakunibembeleza, wala hakuwa na sababu ya kunibembeleza. Aliinuka akaenda kwa Bwana Magesa, akamwambia amwonyeshe.

Wakafungua kizibo cha chini cha Mtemi huku mota inazunguka, grisi iliyozidi ikaanza kutoka taratibu. Mzee akasimama pale mpaka ikakoma, mikono nyuma, hagusi kitu. Kesho yake alifika kabla yetu. Tulimkuta ameweka kiganja chake pale juu ya beringi, mahali ambapo zamani hukuweza kugusa ukahesabu moja mbili.

"Amepoa," akasema. Kisha akatugeukia. "Na wale wote niliowaua kwa kuwashibisha?"

Hakwenda getini. Alikaa na Bwana Magesa wakapima kila mashine inahitaji mibonyezo mingapi, akaikariri. Akayatafutia mapipa vifuniko, akaipaka rangi ndoo ya kila aina ya grisi, akawa mkali kwa yeyote anayechomeka bomba bila kufuta vumbi kwanza. Msimu ule Mtemi alifanya kazi mpaka robota la mwisho la pamba. Lakini sisi mafundi alitunyima maneno yake kwa muda mrefu. Marahaba, basi. Zile hadithi zake za saa ya chai, ambazo leo ningetoa chochote kuzisikia tena, zilikatika.

Siku moja tu aliniita kando. "Mayu, umechelewa kuniambia. Lakini umeniambia." Akanimegea kiazi chake kitamu, nikajua nimesamehewa. Tangu hapo mpaka anastaafu, alikuwa akimaliza mzunguko wake anamshika yeyote aliye karibu, hata mgeni wa jana, anamwuliza, "Leo nimekosea wapi?" Na hakuachii mpaka umjibu.

Mwanangu, utakapofika kiwandani, chungulia mapipa, pima bomba, uliza kwa nini ndoo mbili zina grisi ya rangi moja na majina tofauti. Hayo umeyasoma shuleni kuliko mimi. Ila ukikuta kosa la siku nyingi, ujue kuna watu wanalijua na wamelinyamazia, na mara nyingi wamelinyamazia kwa adabu. Usikimbilie kwa meneja. Mtafute mwenye kosa alipo, mwamkie vizuri, kisha mwambie yote siku hiyohiyo, usimzungushe na habari za ng'ombe kama mimi. Ukishamwambia, usimkimbie. Kaa naye mpaka aguse mwenyewe aone imepoa. Ukimheshimu mtu mzima, mwambie ukweli angali na nafasi ya kujirekebisha.

Nenda salama, mwanangu. Mungu ailinde mikono yako na mikanda inayozunguka, akupe uzee mwema na watu wa kukuamkia. Na siku utakapokuwa unakosea bila kujua, akujalie walau mmoja wa kukuambia, bomba likiwa bado mkononi mwako.