Barua Pepe Moja, Wenye Kesi Wawili

"Mama, kesi hii ilitupiliwa mbali wiki tatu zilizopita," karani wa rejista aliniambia. "Mwombaji hakufika. Mjibu maombi alikuwepo."

Mwombaji ni mimi. Mjibu maombi ni Ouma, shemeji yangu. Nilishika kaunta kwa mikono miwili.

"Yeye alijuaje tarehe na mimi sikujua?"

Karani alikuwa kijana mwenye subira. Aligeuza kompyuta nione. "Notisi hutumwa kwa barua pepe. Hii hapa ni yako." Akateremsha kidole. "Na hii ni ya mjibu maombi." Akasoma tena, akaniangalia. "Mama, hizi mbili ni moja."

Ilikuwa barua pepe ya saiba ya Wandera, duka la kompyuta na fotokopi mjini Busia, mahali nilipokuwa nimeajiriwa. Niliiandika kwenye fomu yangu kwa vidole hivi hivi.

Nyinyi mnaofungua vibanda vya kujazia watu fomu za korti, msifikiri kazi hii ilianza na nyinyi. Nitawaeleza ilivyokuwa, na sitaficha jina la mtu.

Mimi nilizaliwa upande wa Funyula, nikaolewa Busibwabo. Shule niliachia darasa la saba. Mume wangu alipofariki nilikuwa nauzia madereva chai kwenye maegesho ya malori pale Busia, na Wandera alikuwa mteja wangu. Siku moja akaniambia anatafuta mtu wa kufagia na kutoa fotokopi saibani kwake. Mwenyewe alitaka aitwe Mkurugenzi.

Siku ya kwanza, kabla sijashika ufagio, akanipa somo. "Mama Nekesa, mtu akiingia na karatasi ya korti, usimwambie ni rahisi. Kunja uso kidogo. Ukicheka, atajaribu mwenyewe."

Nilicheka. Sikujua ananifundisha biashara yake yote.

Baada ya miezi michache nilikuwa nakaa kwenye kompyuta. Fomu ni za Kiingereza, na Kiingereza changu ni kile cha darasa la saba. Kwa hiyo nilizijua kwanza kwa umbo, kama unavyojua ng'ombe wako kwa mabaka. Ombi ndilo linaloiambia korti unataka nini. Hati ya kiapo ndiyo inaeleza kwa nini, nayo lazima uipeleke kwa kamishna wa viapo, uape mbele yake agonge mhuri. Halafu vielelezo: cheti cha kifo, barua ya chifu, kitambulisho. Kila kimoja unakiskani peke yake. Ukurasa ukilala ubavu, unarudishiwa. Ukishapakia kwenye mtandao wa korti, wenyewe unakutajia ada, unalipa kwa simu, na hati inarudi na mhuri wa korti. Hiyo unaichapisha umpelekee mwenzako wa kesi, kisha unaapa tena kwamba ulimpelekea. Hakuna uchawi. Mtu yeyote mwenye subira anaweza, bila wakili. Hilo ndilo Wandera hakutaka lisemwe.

Lakini mtandao unataka barua pepe ya mwenye kesi, maana tarehe zote hupitia huko. Wazee wetu hawakuwa nayo. Wandera akatoa amri: "Weka ya ofisi. Hawa wataenda nayo wapi?" Nikaweka. Wajane, wenye mashamba, watu waliogongwa na bodaboda, wote niliwaweka kwenye barua pepe moja, na nywila yake aliijua Wandera peke yake. Hilo nalikiri. Mkono ulikuwa wangu.

Kisha nikapata habari kwamba Ouma ameenda kortini akasema ndugu yake alikufa bila mke, akapewa cheti cha kusimamia mali ya marehemu. Bila mke! Miaka kumi na tisa nimempikia marehemu, na huyo Ouma mwenyewe alikuwa anakuja kula. Nikaandika ombi la kubatilisha kile cheti, na la kuzuia shamba lisiuzwe mpaka tusikizwe. Nilipofika mahali pa barua pepe, nikasita.

"Mkurugenzi, hapa niandike gani?"

"Ya ofisi. Kwani wewe unalala wapi? Si uko hapa kila siku?"

Tukacheka wote wawili. Korti ikatoa amri ya kuzuia, nami nikakaa nikisubiri tarehe ya kusikizwa. Kila asubuhi niliuliza, "Bado?" Kila asubuhi akajibu, "Korti ni pole pole, mama."

Sikujua kwamba Ouma alikuja saibani siku niliyotumwa kwa kamishna wa viapo, na Wandera mwenyewe akamwandikia majibu yake dhidi yangu. Kwenye kompyuta ile ile. Kwa barua pepe ile ile.

Basi siku ile nilitoka rejista nikaenda moja kwa moja saibani. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi.

"Mkurugenzi, notisi ya kesi yangu ilikuja lini?"

"Mama, wiki ile mtandao ulisumbua."

"Ulisumbua upande wangu tu? Ouma alifika!"

Akaangalia watu, akaangalia mlango. "Ouma ni mteja," akasema. "Wewe ni mfanyakazi."

 Kwenye benchi, mzee mmoja aliyeshika bahasha akasimama taratibu. "Wandera," akauliza, "na yule tunayeshtakiana naye mimi, pia ni mteja wako?"

Wandera akageukia kompyuta. Wateja wakatoka mmoja mmoja, na mimi nikatoka nao.

Kesi ilipotupwa, ile amri ya kuzuia ilianguka pamoja nayo, na Ouma akauza shamba. Nilipofika Busibwabo nikakuta nguzo za mnunuzi zimechimbiwa, na kaburi la mume wangu liko ndani ya ua wa mtu nisiyemjua.

Nikaenda Malaba. Kulikuwa na wakala wa forodha, dada mkali wa kabila la Wateso anaitwa Amoit, niliyemjua tangu enzi za chai. Nikamweleza, naye akanisikiliza huku akigonga mihuri kwenye karatasi za malori.

"Mama, huku kwetu ukiandika mzigo wako kwa jina la mtu, mzigo ni wa nani?"

"Ni wake."

"Sasa kesi yako uliiandika kwa jina la Wandera kwa nini?" Akasukuma kiti. "Hiyo kompyuta haina kazi mpaka saa nane. Kaa."

Nikakaa. Nikajifungulia barua pepe yangu ya kwanza maishani. Nikaandika ombi la kurudisha kesi, nikaapa, nikaambatisha kurasa mbili za fomu, yangu na ya Ouma, zenye barua pepe moja. Hakimu alizisoma, akauliza maswali mawili, akairudisha kesi. Baadaye kile cheti kilifutwa, nikapata sehemu ya nyuma ya shamba. Ile ya mbele mpaka leo tunaipigania na mnunuzi.

Kwa Amoit nilibaki miaka minane. Alinipa meza na sharti moja: "Hapa hakuna kukunja uso." Mtu akija, mwanzo ni barua pepe yake, kwa simu yake. Pale Malaba mpakani simu hupenda kudaka mtandao wa Uganda, nambari ya siri ya kufungulia barua pepe haiji, kwa hiyo nilitembea na wazee kurudi nyuma kuelekea stendi mpaka Kenya iingie kwenye simu. Nywila mtu anajichagulia. Bibi mmoja aliitangazia ofisi nzima: "Ni jina la fahali wa baba yangu!" Nikamwambia, "Bibi, sasa tafuta fahali mwingine." Akasema wako wengi, baba yake hakuwa maskini.

Kuna mawakili waliopita mlangoni wakasema mwanamke wa darasa la saba anacheza na sheria. Wapite. Sikumwambia mtu atashinda. Nilimwonyesha tu mahali ambapo tarehe yake itafikia, na anayeweza kuifungua ni nani.

Sasa macho yamechoka, kioo cha kompyuta kinanitoa machozi, nimemwachia Amoit meza yake. Siondoki nikiwa nimesamehe. Wandera bado yuko Busia, amepaka kibao kipya, watu bado wanakaa kwenye lile benchi.

Kwa hiyo namuuliza hapa, mbele ya watu wote wanaosoma. Wandera, asubuhi ile notisi ilipoingia, ulichukua simu ukampigia Ouma, aliyekuwa mbali. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, hatua nne kutoka kwako, nimekuuliza punde tu kama kuna habari. Uliniambia bado. Simama useme kwa nini.