Balozi Zuwena na Shauri la Punda wa Maji

Zuwena binti Akida alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya reli. Baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyefikishwa Tabora na kazi ya garimoshi. Yeye akaja Shinyanga kwa kuolewa na fundi cherehani, akazaa binti mmoja, Zuleha, na mumewe alipofariki akabaki na nyumba ya udongo na karai la kukaangia vitumbua. Sisi majirani tulimwita Mama Zuleha. Mtaa ulipomchagua kuwa balozi wa nyumba kumi, wanaume kadhaa waliguna, wakidhani atachoka upesi. Hawakujua kwamba kuamua ugomvi ndiyo ilikuwa starehe yake. Wengine hupenda ngoma. Zuwena alipenda mashauri.

Alipatanisha wake wenza waliogombea kamba ya kuanikia nguo. Alimlazimisha mwenye nyumba mmoja kurudisha mlango aliomng'olea mpangaji wake. Lakini shauri lililomtangaza mjini lilikuwa la kiangazi cha mwaka 1973, na mlalamikaji wake hakujua kusema.

Kiangazi kile mabomba yalikauka, tukawa tunanunua maji ya kisima yanayoletwa kwa mkokoteni wa punda. Aliyetuletea sisi ni Mabula, Msukuma mrefu, mkimya, aliyewahi kuchimba dhahabu Geita kabla ya kurudi mjini. Mkokoteni na punda havikuwa vyake. Vilikuwa mali ya Mzee Abdu, mwenye duka la nafaka karibu na soko.

Asubuhi moja, Zuwena akiwa anageuza vitumbua, punda alipiga magoti mbele ya nyumba yake. Nyuma kulikuwa na mapipa yamejaa hadi mdomoni, na begani kwa punda kulikuwa na kidonda kibichi, nzi wamekifunika. Mabula akashuka na fimbo. Akapiga mgongo, akapiga shingo, akapiga tena palepale penye kidonda. Zuwena aliacha karai motoni, akaenda kuikamata ile fimbo kwa mikono miwili.

"Mayu, niache," Mabula akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. "Punda huyu si wako."

"Si wangu wala si wako. Lakini maumivu ni ya nani?"

Vitumbua vikaungua, moshi ukatanda, na Zuwena akatangaza kwamba baada ya alasiri kutakuwa na kikao.

Watu walifurika kama kwenye harusi, wengi wamekuja kucheka tu. Punda alifungwa kivulini, akatupiwa majani, na mkokoteni ukaachwa pale ulipokwama. Herman, kinyozi wetu, ndiye aliyeanza.

"Balozi, kabla hatujaendelea, naomba kujua. Mlalamikaji ana kadi ya TANU?"

"Hana," akasema Zuwena. "Hata wewe ulizaliwa bila kadi, Herman, na mkunga hakukuchapa fimbo kwa sababu hiyo."

Kicheko kilipotulia, akamgeukia Mabula, akamwambia ajieleze. Mabula alisimama.

"Mayu, kule Geita nilikuwa napandisha mawe kutoka shimoni, nimeyabeba mgongoni. Nikianguka, msimamizi ananipiga teke. Siku moja niliangukiwa na mwamba, nikatapika damu. Wakanitoa nje, wakanilaza juani, kazi ikaendelea. Hakuna aliyeita kikao. Leo kapigwa punda, mtaa mzima mmekaa kwenye mikeka. Punda huyu ana bahati kunishinda."

Zuwena alijifuta macho kwa ncha ya kanga, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka.

"Umesema kweli, mwanangu, na ni aibu yetu. Sasa niambie, nani anakupangia ujaze mapipa yote yale?"

"Mzee Abdu. Nikipunguza, ananiambia wapo wengi wanaoitaka kazi."

"Basi tumemkalisha asiyestahili. Nendeni mkamwite Mzee Abdu."

Kulikuwa na minong'ono. Mzee Abdu alikuwa mtu mzito, hakosi safu ya mbele msikitini. Alikuja na kanzu nyeupe na tasbihi mkononi. Zuwena akasimama kwa heshima.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba. Naambiwa nimeitwa na punda."

"Umeitwa na punda na mtu. Wote wawili wanachunwa na mzigo wako."

"Binti Akida, punda kaumbwa kubeba."

"Sibishi. Kaumbwa kubeba, hakuumbwa kuchanika. Na sheikh si ametufundisha kwamba mnyama naye atadai haki yake siku ya kiama? Mimi nimeona afadhali umalizane naye hapa, kwenye mkeka."

Watu wakaguna kwa kukubali. Mzee Abdu akaona aibu inamkaribia, akajitetea haraka. "Lakini mzigo wenyewe ni mwepesi!"

Uso wa Zuwena uling'aa. "Mwepesi?"

"Mwepesi kabisa."

"Alhamdulillahi. Basi tuuvute sisi, punda apumzike."

Mzee Abdu alikuwa na kiburi, na kiburi hakimruhusu mtu kurudi nyuma mbele ya majirani. Alipindua kanzu, akaifunga kiunoni, akashika upande mmoja wa mkokoteni. Herman akasukumwa ashike upande wa pili. Zuwena mwenyewe akasimama nyuma kusukuma, maana alisema hakimu asiyeonja mzigo hawezi kuupima. Mabula alitaka kusaidia, wakamzuia.

Mkokoteni ulisogea. Mwanzoni walitembea kwa madaha, halafu Herman akaacha utani, halafu Mzee Abdu akaanza kuhema kama mvukuto wa mhunzi. Walipofika kwenye reli, gurudumu liligoma. Wakavuta. Kofia ya Mzee Abdu ikadondoka. Wakavuta tena, mkokoteni ukainama, na pipa la mbele likammwagikia mzee kuanzia kichwani hadi viatuni.

Hakuna aliyethubutu kupumua. Katika kimya kile, kule kivulini, punda akalia kwa sauti yake yote.

Mzee Abdu aligeuka akamtazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Tulidhani ni hasira, kumbe ni kicheko. Alicheka hadi akakaa juu ya reli, maji yakimchuruzika ndevuni. "Ananicheka," akasema. "Muacheni anicheke, ana haki."

Hukumu aliitoa mzee mwenyewe palepale, kanzu imelowa. Mapipa yapunguzwe. Punda asifungwe tena mkokoteni mpaka kidonda kipone, na Mabula asikose riziki kwa siku hizo. Jua likiwa la utosi, mtu na mnyama wakae kivulini; na Ijumaa wasifanye kazi. Zuwena aliongeza neno moja tu: kwamba Mabula ndiye atakayekiosha kidonda kila asubuhi, kwa mkono uleule ulioshika fimbo. Mabula aliitikia. Alikiosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na tukaanza kumsikia akimnong'oneza punda Kisukuma, mambo ambayo hakuwahi kutuambia sisi.

Wenye mikokoteni wengine walinung'unika, wakamwita Zuwena "balozi wa punda". Jina lilimpendeza mno, akawa anajitambulisha nalo. Akapata na mazoea mapya: kusimamisha baiskeli zinazotoka mnadani na kuku wamening'inizwa miguu juu. "Shuka, bwana, nikuning'inize na wewe kidogo tuone mji unavyoonekana!" Wengi walinunua matenga ili tu wapite mtaani kwetu kwa amani.

Si kwamba hakula nyama. Kuku alimpenda sana, hasa wa nazi. "Nitamla," alisema, "lakini kisu kiwe kikali na safari yake iwe ya heshima." Na mbwa hakuwatetea kamwe. Aliwaogopa hadi kuzimia. Mbwa akitokea, balozi wetu alipanda juu ya kiti.

Mabula alioa, akapata punda wake mwenyewe, akawa mtu wa kuongea. Miaka ya themanini magoti ya Zuwena yalipoanza kumsumbua, alikuja na mkokoteni siku ya Idd kumpeleka kwenye swala. Mke wa Mabula, Mbuke, alikuwa ametandika godoro na mto. Zuwena alipanda kama malkia, akapungia watu mikono. Walipofika penye mchanga mwingi akapiga ukelele wasimame.

"Kuna nini, Mayu?"

"Nashuka. Mimi si mwepesi, na leo ni sikukuu ya wote."

Mabula akamsihi, Mbuke akamkemea, wapi! Alishuka, akashika bega la punda, wakavuka mchanga polepole pamoja. Swala waliikuta imeshaanza.