Kisu cha Baba Juu ya Kitanda cha Bibi

Nilipokuwa mtoto sikuogopa nyoka wala fisi kama nilivyoogopa kisu kimoja, na bado hapakuwa na kitu nilichotamani kukishika kama hicho. Kilikuwa kisu cha baba cha kuwindia. Kilining'inia alani mwake ukutani juu ya kitanda cha Bibi, mama yake baba, nyumbani kwetu upande wa Urambo. Ilikuwa enzi za Mwingereza, na baba alikuwa amekwenda pwani kukata mkonge.

Mfua chuma wa kijijini alikifua kutokana na jembe la kale. Mpini ulikuwa wa mpingo, umezungushiwa waya mwembamba wa shaba, nami sikuona waya unapoanzia wala unapoishia. Jambo hilo lilininyima raha. Chuma kimeshikwa na nini ndani ya mti? Niliwauliza watu mpaka mama akaniita mdomo wa cherehani.

Bibi hakujali maswali yangu. "Kisu cha mwindaji hakishikwi na mtoto, mwenyewe akiwa safarini," alisema. "Baba yako akiwa anapumua, kitang'aa. Asipopumua, kitashika kutu."

Kila mwezi ulipoandama, asubuhi yake Bibi alitukalisha mimi na mama mkekani, akakichomoa mbele yetu. Kiling'aa. Mama alishusha pumzi, akabeba jembe lake akaenda shambani. Huo ulikuwa mwaka wa tatu bila hata barua.

Ndipo mjomba, kaka yake mama, akaja kutoka Kaliua.

"Mama, nimekuja kumchukua dada yangu," alimwambia Bibi. "Si mjane, si mke. Atazeeka anatazama ukuta?"

"Mwezi unaandama leo jioni," Bibi alijibu. "Kesho tutakiangalia kisu. Kikiwa na kutu, mchukue."

Mimi ningebaki kwa Bibi, maana nilikuwa mtoto wa upande wa baba. Nilijua hivyo bila kuambiwa.

Mtoto mwenye akili angekaa mbali na kisu siku hiyo. Mimi niliwaza kwamba kesho kikikutwa na kutu, huenda Bibi akakiondoa ukutani nisikione tena. Bibi alipokwenda kisimani, nilipanda kitandani nikakichomoa. Sitadanganya, nilifurahi mno. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani, kikakaa mkononi vizuri ajabu. Nyuma ya mpini nikaona ncha ya chuma imetokeza, imekunjwa na kugongwa ikalala. Kumbe chuma kilipita ndani ya mti mpaka mwisho! Basi nikataka kuujua na ukali wake. Nilikuwa na embe bichi. Kisu kiliteleza kwenye ganda bila kelele, nami nikamenya lote, nikala, nikakifuta kwa upindo wa kanga na kukirudisha alani.

Asubuhi Bibi akakichomoa. Chuma kilikuwa cheusi, kina madoa mekundu kwenye makali.

Bibi alikigeuza upande wa pili, akakigeuza tena. Mjomba aliinamisha kichwa, maana hakuwa mtu mbaya. Nilimwona mama akikaza fundo la kanga yake kama mtu anayejiandaa kwa safari, nami nikalia kwa sauti.

"Ni embe! Nilimenyea embe! Mimi ndiye!"

"Mtoto anataka mama yake abaki," mjomba alisema kwa upole.

Mama alikichukua kisu, akakinusa. Akamtazama Bibi.

"Kaka," alisema, "ni embe. Wasalimie nyumbani."

Nilitegemea kipigo. Badala yake Bibi aliniita chumbani, akavuta kutoka uvunguni kibuyu cha mafuta ya karanga, majivu na kitambaa. Kitambaa kilikuwa cheusi kwa kutu ya siku nyingi. Nilikitazama, nikamtazama yeye.

"Bibi, kumbe wewe ndiye…"

"Sugua," alisema. "Usiache pale kwenye waya."

Baba hakurudi. Wengine walisema alikufa kwa homa, wengine kwamba alioa hukohuko. Bibi alisugua mpaka alipotutoka, na baada ya hapo kuna miaka nilimkasirikia sana. Niliona alimfunga mama yangu ukutani pamoja na kile kisu, kwa uongo wa mafuta.

Mama alipokuwa mzee nilimwambia yote, nikidhani namfumbulia siri. Alicheka.

"Mafuta ya karanga yana harufu, mwanangu. Nilijua tangu mwezi wa kwanza."

"Sasa mbona hukwenda na mjomba?"

Alinishangaa, kama nimeuliza jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Ningemwacha yule mama anasugua peke yake?"

Kisu ninacho mimi sasa. Mwezi ukiandama nakipaka mafuta.