Kizibo cha Shampeni

Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa na maduka ya Arusha yakajaa vitu vya nje, sherehe bila kufyatua shampeni haikuhesabiwa kuwa sherehe. Wengine waliufurahia mlio ule. Abdiel Kaaya wa Olmotonyi, mkulima wa kahawa aliyepigana vita vya Kagera, aliuogopa kuliko nyoka.

Kwenye harusi ya mpwa wake, kizibo kilipolia, mwili wake haukumwomba ruhusa. Alijikuta sakafuni, amemwangusha mke wa mchungaji ili kumwokoa, huku akinguruma, "Laleni chini!" Tangu hapo watani wake wakamwita Mzee Laleni. Alicheka nao, lakini kicheko hicho hakikufika nyumbani.

Sasa Esther, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa, na sherehe ya kumuaga ingefanyika ukumbini, kata ya Sokon I, mjini Arusha.

"Siku hiyo nitaumwa," Abdiel alimwambia mkewe, Hanna.

"Utaumwa nini, Baba Esther?"

"Bado sijachagua."

Hanna aliendelea kumenya ndizi. "Kule vitani, ulipofyatua bunduki yako mwenyewe, ulikuwa ukishtuka?"

"Nishtuke vipi, na mpigaji ni mimi?"

"Basi shampeni utaifungua wewe."

Siku ilipofika, Abdiel alisimama mbele ya wageni, miguu kaitanua, chupa kaielekeza darini. Esther alimtazama bila kupumua. Pa! Abdiel hakutikisika. Vigelegele vikapaa, watani waliokuja kucheka wakabaki midomo wazi.

Ndipo ilipoonekana kwamba kiti cha Mzee Aristides, baba wa bwana harusi, mfanyabiashara mzito wa vipuri kutoka Kibosho, kilikuwa kitupu. Kitambaa cha meza yake kilitetemeka.

Abdiel aliweka chupa chini, akainama, akaingia mvunguni mwa meza.

"Nimeangusha miwani, mkwe," alinong'ona Aristides. Miwani ilikuwa puani pake.

"Hata mimi nimekuja kuitafuta. Ulikuwa kikosi gani?"

Aristides aliivua miwani. "Mizinga. Nyumbani nikijitupa chini, huwa nasema ni mgongo."

"Kumbe ndinyi mliokuwa mkitupigia kelele vichwani!"

Kitambaa cha meza kilitetemeka tena, safari hii kwa kicheko.

"Mkwe," Aristides akauliza, "kuna chupa nyingine?"

"Ipo."

"Nipe niifungue mimi."

Walitoka wameshikana mikono. Aristides alipoanza kuzungusha kizibo, Abdiel aliwageukia watani wake, akavuta pumzi ya jeshini.

"Laleni chini!"

Hanna alitangulia kuchuchumaa, ukumbi mzima ukamfuata kwa vicheko, wakabaki wamesimama wazee wawili tu.